FAIDA YA NDIZI ZA TAVETA IKO WAPI?
Namna ya kuweka hesabu ya biashara ndogo ndani ya simu au kompyuta

Kila Jumatano na kila Jumamosi soko la Taveta hujaa watu tangu alfajiri. Wanunuzi hutoka Voi, Mwatate na Mombasa, wengine huvuka mpaka wa Holili kutoka Tanzania, na ndizi hushushwa hapo mikungu kwa mikungu. Ikiwa wewe msomaji ni mkulima au mchuuzi wa pande hizi hapana haja ya kukueleza zaidi, maana huenda Jumatano iliyopita ulikuwapo mwenyewe. Neno tunalotaka kukuuliza ni hili: uliporudi na mzigo wako, ukauuza wote ukaisha, ulipata faida shilingi ngapi?

Usijibu upesi. Wengi wetu hujibu kwa kutazama mkoba, na mkoba hauwezi kusema ukweli wote, kwa sababu ndani yake zimechanganyika fedha za mtaji, fedha za mauzo, fedha za mtu aliyelipa deni la mwezi uliopita, na nauli ya mtoto wa shule.

Tuchukue mfano wa mama mmoja auzaye ndizi mjini Voi. Mama huyu ni wa mfano tu na bei zake ni za mfano pia, kwani bei ya ndizi hupanda na kushuka kama njia ya kwenda Wundanyi. Wewe utatia bei zako. Alianza na mtaji wa shilingi 15,000. Jumatano alikwenda Taveta akanunua mikungu 30 kwa shilingi 300 kila mmoja, jumla 9,000. Akakodi pikapu iliyokuwa ikirudi Voi tupu, kwa 3,000. Wapakiaji wakachukua 300, na ushuru ukawa 150. Alhamisi akauza ndizi za shilingi 7,000, na Ijumaa akamaliza zilizobaki kwa 5,600. Katikati ya shughuli hizo alitoa 1,200 akanunua unga, sukari na mafuta ya nyumbani.

Ukimwuliza, atakwambia kwa furaha: “Nilinunua kwa elfu tisa, nikauza kwa elfu kumi na mbili na mia sita. Nimepata elfu tatu na mia sita.” Tena atashangaa kwamba fedha hizo hazionekani. Atadhani labda ameibiwa, au kwamba mkono wake hauna baraka.

Hakuna aliyemwibia. Hebu tuziandike fedha zake zote kwa mpango, moja baada ya moja, zilizoingia na zilizotoka:

Baki ya kuanzia – 15,000
Manunuzi, zimetoka 9,000 – baki 6,000
Gari, zimetoka 3,000 – baki 3,000
Upakiaji, zimetoka 300 – baki 2,700
Ushuru, zimetoka 150 – baki 2,550
Mauzo ya Alhamisi, zimeingia 7,000 – baki 9,550
Mauzo ya Ijumaa, zimeingia 5,600 – baki 15,150
Nyumbani, zimetoka 1,200 – baki 13,950

Sasa tazama. Biashara yenyewe ilimpa shilingi 150 tu, yaani tofauti ya 15,000 na 15,150. Naye amekula 1,200. Basi shilingi 1,050 alizokula si faida hata kidogo, ni mtaji. Akifanya safari ya pili kama hiyo atabaki na 12,900, na baada ya ya tatu atabaki na 11,850. Safari moja yataka 12,450 kabla hajauza chana moja. Kwa hivyo safari ya nne hawezi kuifanya bila kukopa, na safari nne ni majuma mawili. Huyu si mvivu, wala si mlevi, na ndizi zake hazikuoza. Alikosa kuandika tu.

DAFTARI NA LAHAJEDWALI

Mtu aweza kusema kwamba hesabu kama hii yaweza kuandikwa katika daftari la shule, na hakika yaweza. Mwenye daftari zuri na kalamu asilitupe. Lakini daftari lina taabu yake: ukikosea namba moja Jumatano, kila baki iliyo chini yake imekosewa, na itakubidi ufute na uandike upya mpaka Ijumaa. Tena daftari haliwezi kukwambia kwa mwezi mzima umetumia kiasi gani kwa magari tu, ila uketi na taa usiku ukihesabu ukurasa kwa ukurasa.

Taabu hiyo ndiyo iliyomfanya kijana mmoja wa Marekani, Dan Bricklin, aliyekuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1978, awaze njia nyingine. Alimwona mwalimu wake ameandika jedwali la hesabu ubaoni, na kila alipobadili namba moja ilimlazimu afute nyingine nyingi na kuziandika tena. Bricklin na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza programu ya kompyuta iliyoitwa VisiCalc, ikauzwa mwaka 1979. Ndani yake ukibadili namba moja, zote zinazoitegemea hujibadili zenyewe. Programu za siku hizi, kama vile Excel, Google Sheets na LibreOffice, ni wajukuu wa ile. Kwa Kiswahili jedwali la namna hiyo huitwa lahajedwali, ingawa mjini watu husema “Excel” kwa zote, kama tulivyozoea kuita kila dawa ya meno Colgate.

Si lazima uwe na kompyuta. Excel na Google Sheets zaweza kutiwa katika simu ya kawaida ya kugusa bila malipo, na mfano wetu wote waingia humo. Ikiwa kioo cha simu ni kidogo na vidole ni vya mtu ashikaye jembe, igeuze simu ilale, utaona nafasi zaidi. Kama una mtoto aliye sekondari, akuoneshe mara moja au mbili. Lakini baada ya hapo andika wewe mwenyewe, maana anayeandika hesabu ndiye ajuaye biashara.

KUPANGA UKURASA

Lahajedwali lina safu zishukazo, nazo huitwa kwa herufi, A, B, C, na mistari ilalayo, nayo huitwa kwa namba. Pale safu na mstari zikutanapo pana kisanduku, na jina lake ni herufi na namba: kisanduku cha safu D mstari wa 7 chaitwa D7. Hilo likikuelea, umekwisha vuka mto.

Katika mstari wa 1 andika vichwa: A, Tarehe. B, Maelezo. C, Fungu. D, Zilizoingia. E, Zilizotoka. F, Baki. Katika F2 andika fedha ulizoanza nazo, 15000. Kisha tangu mstari wa 3 kila jambo lipewe mstari wake. Usiandike “ndizi na gari 12,000” pamoja, kwa sababu kesho hutajua gari lilichukua ngapi.

Sasa katika F3 andika hivi:

=F2+D3-E3

Alama ya sawasawa inayotangulia ndiyo inayoiambia programu kwamba hiyo si maandishi bali ni fomula, yaani amri ya kuhesabu. Maana yake: chukua baki ya mstari wa juu, ongeza zilizoingia, ondoa zilizotoka. Nakili F3, uibandike F4 mpaka F9, nayo kila mahali itajirekebisha: F4 itakuwa =F3+D4-E4, na kuendelea. Mstari wa 9, ambao ni wa Nyumbani, wapaswa kuonesha 13,950. Kama haukuonesha hivyo, mahali fulani umeandika vibaya.

Safu C, ya Fungu, watu wengi huiona ya bure, wakaiacha. Nasi twasema hiyo ndiyo iliyo na faida kuliko zote. Humo huandikwi habari ndefu, ni neno moja tu: Mauzo, Manunuzi, Gari, Upakiaji, Ushuru, au Nyumbani. Kwa neno hilo lahajedwali laweza kukukusanyia. Pembeni, katika safu H, andika maneno hayo: H2 Mauzo, H3 Manunuzi, H4 Gari, H5 Upakiaji, H6 Ushuru. Katika I2 andika:

=SUMIF($C$3:$C$500,H2,$D$3:$D$500)

Yaani, pita katika safu C tangu mstari wa 3 hadi wa 500, na kila uonapo neno lililo katika H2, jumlisha fedha zilizo katika safu D. Katika I3 andika ile ile, lakini neno liwe H3, na fedha ziwe za safu E kwa sababu hizo zilitoka:

=SUMIF($C$3:$C$500,H3,$E$3:$E$500)

Hii ya I3 uinakili mpaka I6. Alama ya $ ni kama kigingi cha mbuzi: huzuia C3 na E3 zisisogee unaponakili, huku H3, isiyo na kigingi, ikigeuka kuwa H4, H5 na H6 kama tutakavyo. Usisahau vigingi. Mimi niandikaye haya niliwahi kuvisahau, na jumla ya mwezi ikakosa siku mbili za kwanza, nami nikakaa saa nzima nikilaumu simu.

Katika H7 andika Faida, na katika I7 fomula yake: =I2-SUM(I3:I6). Neno SUM ni la kujumlisha. Katika mfano wetu utaona 150. Chini yake, H8, andika Nyumbani, na katika I8 uweke SUMIF kama ile ya Gari, yenye H8. Utaona 1,200. Namba hizo mbili, 150 na 1,200, zikikaa jirani, moja juu ya nyingine, mama yetu hahitaji tena mtu wa kumweleza fedha zimekwenda wapi.

Angalia pia kwamba Nyumbani hatukuitia ndani ya Faida. Unga wa watoto ni wa lazima, lakini si gharama ya ndizi. Ukichanganya hivyo viwili hutajua kama ni biashara iliyo mbaya au ni matumizi yaliyo makubwa, na dawa zake ni mbali mbali.

MAKOSA YASIYOPIGA KELELE

Kosa likipiga kelele si la kuogopwa sana. Kosa baya ni lile linyamazalo.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuandika bei hivi: 9000/=. Ukiandika hivyo ndani ya lahajedwali, programu haioni namba, yaona maandishi, kama vile umeandika “mwembe”. Fomula ya baki yenye alama ya kujumlisha na kutoa italalamika mara moja kwa kuandika #VALUE!, nayo ni heri. Lakini SUM na SUMIF hazilalamiki. Huyapita maandishi hayo kimya kimya, na jumla hutoka ndogo kuliko ilivyo, nayo inaonekana safi kabisa. Vivyo hivyo kwa anayeandika herufi O mahali pa sifuri. Dalili yake ni hii: kama hujabadili mpangilio, namba hujisogeza kuume kwa kisanduku, na maandishi hukaa kushoto. Ukiona 9000 imekaa kushoto, ifute uiandike tena.

Fungu nalo lataka tahajia moja. Herufi kubwa au ndogo si neno. “Gari” na “gari” ni mamoja kwa programu. Lakini “Magari” ni neno lingine, na “Gari” lenye nafasi tupu nyuma yake, isiyoonekana kwa macho, nalo ni lingine, na fedha zake hazitahesabiwa. Njia ya kujilinda ni kuweka orodha ya kuchagua katika safu C, ili ubonyeze neno badala ya kuliandika.

Kosa la tatu ni la mipaka. Mtu huandika =SUM(D3:D9), kisha juma lifuatalo huongeza mistari ya 10 na 11, na huenda fomula ikabaki inatazama ile ile ya kwanza. Usidhani hili ni la wasiosoma. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko juu ya madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, nalo likanukuliwa sana na wakubwa wa nchi nyingi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipolipata lahajedwali lao aliona kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49, na nchi tano zikaachwa nje. Wenyewe walikiri kosa hilo la fomula, ingawa walishikilia kwamba hoja yao kubwa haikuanguka. Basi ikiwa mistari mitano iliwaponyoka hao, yaweza kukuponyoka wewe. Ndiyo sababu tuliandika 500 tangu mwanzo, ijapokuwa mistari yetu ni saba tu.

Na tarehe. Ukiandika 3/4, simu iliyopangwa kwa desturi ya Kimarekani itasoma tarehe 4 ya mwezi wa tatu, nawe ulikusudia tarehe 3 ya mwezi wa nne. Katika mipangilio chagua nchi iwe Kenya, na kisha andika tarehe moja ya kujaribu uone imesomwaje.

RANGI NA MAPAMBO

Kuna wanaopenda kupaka rangi kila mahali mpaka ukurasa ukawa kama leso. Si dhambi, lakini rangi si hesabu. Ukimpaka mdaiwa rangi nyekundu kwa mkono, naye akalipa, nyekundu itabaki mpaka uikumbuke. Afadhali uandike neno, kisha uiambie programu ipake rangi yenyewe.

Mapambo machache yanatosha. Vichwa vya mstari wa 1 viwe vizito, na mstari huo ugandishwe juu ili usipotee unaposhuka chini. Safu D, E na F zipewe mpangilio wa namba wenye alama ya maelfu, ndipo uandike 9000 nayo yenyewe ioneshe 9,000. Safu ya baki iambiwe ipake nyekundu ikishuka chini ya 12450, yaani fedha za safari moja. Hiyo nyekundu ina maana. Ukiiona jioni ya Jumanne, wajua kesho huwezi kwenda Taveta na mzigo ule ule.

Kwa madeni fungua ukurasa wa pili. Wenye hoteli za Voi huchukua mikungu mitatu wakisema “mwisho wa mwezi”, na jirani huchukua chana akisema “kesho”. A, Tarehe. B, Jina. C, Alichochukua. D, Alicholipa. E, Baki, yaani =C2-D2. Katika F2 andika:

=IF(AND(E2>0,TODAY()-A2>14),"MDAI","")

Neno IF ni “kama”. Kama bado pana baki, na siku zimepita 14 tangu tarehe ile, kisanduku kitaandika MDAI. La sivyo kitakaa kitupu. Fedha za deni usiziingize katika ukurasa wa kwanza kama Mauzo mpaka ziwe zimeshikwa mkononi au zimeingia M-Pesa. Na tukitaja M-Pesa, ada ya kutuma na kutoa fedha ni gharama ya biashara. Iongezee fungu lake, na umbo la hesabu pembeni lipanuliwe ili nayo iondolewe katika Faida. Ni vijisenti, lakini huenda kila siku.

KUJARIBU KABLA YA KUNUNUA

Hapa ndipo lahajedwali linapolishinda daftari kabisa. Fungua ukurasa wa tatu, uuite Jaribio. Katika safu A andika majina, na katika B namba: B1 mikungu, 30. B2 bei ya kununua, 300. B3 bei ya kuuza mkungu, 420. B4 gari, 3000. B5 upakiaji wa mkungu mmoja, 10. B6 ushuru, 150. B7 mikungu itakayooza, 0. Na B8 ndiyo faida:

=(B1-B7)*B3-B1*(B2+B5)-B4-B6

Itatoka 150, kama tulivyoona. Sasa badili namba moja moja. Mama yetu akisema, “Nitaongeza mzigo, gari ni lile lile,” tia 40 katika B1. Faida ni 1,250. Vizuri! Lakini fedha za kununulia, kusafirishia na kulipia mzigo huo ni 15,550, naye hata siku ya kwanza alikuwa na 15,000 tu. Tena tia 3 katika B7, maana mzigo mkubwa hukaa muda zaidi juani: faida yageuka kuwa hasara ya shilingi 10. Kazi yote ile, na safari ya zaidi ya kilometa 100 kupitia Maktau, Bura na Mwatate, kwa hasara ya shilingi 10.

Rudisha 30 na 0. Sasa akubaliane na jirani yake wakodi pikapu moja wao wawili, kila mmoja alipe nusu. Katika B4 tia 1500. Faida ni 1,650. Akitoa 1,200 za nyumbani, mtaji waongezeka kwa 450 badala ya kupungua. Hata mikungu 3 ikioza, bado ana 390. Bei ya ndizi haikubadilika, wala wateja hawakuongezeka. Ugonjwa ulikuwa katika gari, na mtu asiyetenga fungu la Gari asingeuona.

Kwa mkulima wa kabichi na nyanya za Wundanyi ukurasa ni ule ule, ila mikungu iwe magunia au makreti, na soko huenda likawa Kongowea, Mombasa. Kule Sagalla, ambako tangu mwaka 2009 wakulima wamekuwa wakizungushia mashamba yao ua wa mizinga ili nyuki wawafukuze tembo, asali ihesabiwe kwa kilo, na chupa zipewe fungu lake peke yake, kwani chupa hula faida ya asali kama gari linavyokula ya ndizi.

HABARI YA KODI

Mama yetu husema, “Mimi ni mchuuzi tu, kodi si yangu.” Tuhesabu. Mauzo ya safari moja ni 12,600. Kwa juma, safari mbili, ni 25,200. Kwa majuma 52 ni 1,310,400. Kwa sheria kama ilivyowekwa tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo yanayozidi shilingi milioni moja kwa mwaka na yasiyozidi milioni 25 huingia katika kodi ya mauzo, ambayo watu huiita TOT, asilimia 3 ya mauzo yote. Si ya faida, ni ya mauzo. Asilimia 3 ya 12,600 ni shilingi 378, na faida yake kwa safari hiyo ilikuwa 150!

Lakini sheria hiyo hiyo inampa mtu nafasi ya kuiarifu KRA kwa maandishi kwamba hataki TOT, bali atozwe kodi ya mapato ya kawaida, ambayo hutazama faida baada ya gharama. Na gharama hazikubaliwi kwa kusema tu “gari lilikuwa ghali”. Zataka kuandikwa kwa tarehe, na stakabadhi yake iwepo. Mwenye ukurasa uliojazwa mwaka mzima, na bahasha ya stakabadhi, ana la kuonesha afikapo katika ofisi hiyo kuuliza ipi inamfaa. Asiye nao atahesabiwa kwa mauzo yake.

Jambo la mwisho ni la simu yenyewe. Simu huanguka majini, huibiwa, na mtoto hucheza nayo. Kila Jumamosi jioni jitumie nakala ya ukurasa wako kwa barua pepe, au uiweke katika hifadhi ya mtandaoni, na mwisho wa mwezi uite nakala hiyo kwa jina la mwezi na mwaka. Ukurasa wa mwezi mpya uanze na baki ya ule wa zamani katika F2. Kabla hujaiandika, zihesabu fedha zilizo mkononi na zilizo katika M-Pesa, uone kama zalingana na baki ya ukurasa. Zisipolingana, itafute tofauti usiku huo huo, wakati bado unakumbuka ulikopita siku hiyo.